Mnada wa Sikukuu ya Mavuno: daftari na fedha havilingani, kuku wanakufa, watu wanaondoka. Tufanyeje?

Katibu_Mavuno ameuliza:

Bwana Yesu asifiwe. Nimekabidhiwa ukatibu wa kamati ya mavuno katika usharika wetu wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), upande wa miteremko ya Mlima Meru. Sikukuu imepangwa wiki sita kutoka leo. Tuna mitaa mitatu, jumuiya 14 na ibada mbili, saa 1 na saa 4 asubuhi. Vitu vinavyoletwa huwa 80 hadi 120: mahindi, maharage, mikungu ya ndizi, kuku, trei za mayai, maziwa, mbuzi wawili watatu, maboga, miwa na kahawa kidogo.

Shida zetu ni hizi. Daftari la mnada na fedha iliyohesabiwa havilingani kila mwaka. Safari nyingine fedha inapungua, safari nyingine inazidi, na hakuna anayeonekana kuwa mwizi. Mnada wenyewe unakula saa mbili na nusu, na ukifika kwenye magunia wamebaki wazee wa kanisa na watoto. Kuku wawili watatu lazima wafe kabla hawajanunuliwa. Mahindi yasiyouzwa tunayaweka stoo, ikifika Desemba ni vumbi la dumuzi, yule mdudu anayetoboa nafaka. La mwisho ni la kifamilia zaidi: kitu kinaletwa, kinauzwa, kisha Jumatatu mwenye mji anakuja kusema hakuridhia.

Naomba majibu ya watu wanaoijua kazi. Kuomba tunaomba, ila nataka na utaratibu.

---

MamaHazina amejibu:

Amina, Katibu. Nitaanza na hesabu maana ndiyo inayovunja watu mioyo.

Fedha yenu haiibiwi. Inapotea kwenye ule mtindo wa mtu kununua jogoo halafu akasema "namrudisha kwa Bwana". Chukua jogoo namba 14. Anauzwa 25,000, mnunuzi anamrudisha. Anauzwa 30,000, anarudishwa tena. Wa tatu anamchukua kwa 20,000 na kumpelekea bibi mjane wa jumuiya yake. Jogoo ni mmoja, mauzo ni matatu, fedha ni 75,000. Karani aliyezoea mstari mmoja kwa kila kitu anafuta 25,000 anaandika 30,000, anafuta tena anaandika 20,000. Sandukuni 75,000, daftarini 20,000. Mwaka unaofuata inakuwa kinyume: karani ameandika yote matatu, lakini yule wa pili alidhani akimrudisha jogoo hadaiwi kitu, akaenda zake. Ndiyo maana safari nyingine inazidi, safari nyingine inapungua.

Dawa yake ni namba. Mauzo ya kwanza ni 14, ya pili 14A, ya tatu 14B. Kila moja mstari wake, mnunuzi wake, stakabadhi yake. Na anayenadi aseme kwa sauti, kila mara, "amenunua, analipa, amerudisha". Hilo neno la katikati ndilo linalookoa hesabu.

Namba zibandikwe wakati wa kupokea, kabla ya ibada. Wekeni wapokeaji wawili mlangoni kuanzia saa 12 na nusu asubuhi, wakiwa na utepe wa karatasi na kalamu ya wino mzito. Debe linabandikwa ubavuni, kuku anafungwa namba mguuni kwa uzi, mkungu unaandikiwa kwenye kikonyo. Kitabu cha mapokezi kiwe na namba, kitu, kiasi, jumuiya. Jina la mtoaji tutalisema baadaye, lina maneno yake.

Kwenye mnada wawepo watu watatu ambao kazi zao haziingiliani: anayenadi, karani, mpokea fedha. Anayenadi hashiki fedha hata noti moja, hata akiletewa mkononi na askofu. Karani anaandika bei na kumpa mnunuzi kikaratasi chenye namba na kiasi. Mnunuzi anakwenda nacho kwa mpokea fedha, analipa, anapewa stakabadhi, na kwa stakabadhi hiyo anachukua kitu chake kwa mtunza vitu. Ndiyo, ni hatua moja zaidi ya mlivyozoea. Kitu kikiondoka uwanjani kabla ya stakabadhi, kimeondoka na fedha yake.

Malipo ya simu: lipa namba iwe ya usharika, isiwe ya mtunza hazina wala ya mchungaji. Mlipaji akibonyeza lazima aone jina la usharika. Ujumbe ulioko kwenye simu ya mnunuzi hautoshi, maana ujumbe wa kughushi ni rahisi kutengeneza na picha ya mwezi uliopita inafanana na ya leo. Mpokeaji aangalie simu ya usharika iliyopokea, aandike tarakimu nne za mwisho za muamala kwenye stakabadhi. Mtandao ukilemewa baada ya ibada, kitu kinabaki kwa mtunza vitu, mnunuzi anarudi saa 9 kuchukua.

Kuhesabu ni siku ileile, chumba kilekile, watu watatu, na mmoja wao asiwe mjumbe wa kamati. Andikeni kwa aina: noti za 10,000 ngapi, 5,000 ngapi, 2,000, 1,000, kisha sarafu. Jumla hiyo iwekwe kando ya jumla ya stakabadhi, ndipo daftari la karani lifunguliwe. Mkianza na daftari, watu wataitafuta fedha ifanane nalo. Wote watatu wasaini, sanduku lifungwe kwa kufuli mbili za watu wawili, Jumatatu benki.

Na tafadhali, nauli ya spika na soda za vijana zisitolewe kwenye sanduku la mnada kabla ya kuandikwa. Ingizeni mapato yote kama yalivyo, kisha gharama zitoke kwa hati ya malipo. Mgawo wenu wa dayosisi unakokotolewa kwenye mapato, na mkaguzi akikuta mmekata juu kwa juu, maelezo yatakuwa marefu kuliko soda zenyewe.

---

MpigaMnada amejibu:

Mama Hazina amemaliza karatasi, mimi nichukue kipaza sauti.

Katibu, piga hesabu. Vitu 100, kila kimoja dakika moja na nusu, ni dakika 150. Hizo ndizo saa zenu mbili na nusu. Hakuna kasi ya mdomo itakayokuokoa, punguza vitu vinavyopanda jukwaani. Mnada unafaa kwa vitu 30 hadi 40 tu. Vilivyobaki ama vinafungwa mafungu, ama vinawekwa mezani kwa bei iliyoandikwa.

Mafungu: maboga matatu, miwa mitano na sado moja (kopo la lita 4) ya maharage ni fungu moja. Meza: mayai, maziwa, mboga, ndizi za kuiva kama kisukari, mahindi ya sado. Meza ifunguliwe mara baada ya ibada ya kwanza, kwa sababu maziwa yaliyokamuliwa alfajiri hayasubiri saa 7 mchana, na watu wa ibada ya kwanza ndio wenye haraka ya kurudi kwenye mifugo. Mnada wenyewe uwe baada ya ibada ya pili tu. Aliyesali asubuhi na anamtaka mbuzi aache kauli kwa karani: "mbuzi namba 31, mwisho wangu 140,000". Karani anaiweka kwenye bahasha, na wakati wa mnada anamnyanyulia mkono mpaka hapo. Wengi hawajui kama inawezekana, kumbe inaongeza bei vizuri.

Mpangilio. Usianze na mbuzi, watu hawajapata joto. Usianze na boga nalo, utaweka bei ya kicheko. Anza na mkungu mzuri wa ndizi mshare, kitu ambacho kila mama anajua bei yake sokoni na anakitaka kwa mtori wa jioni. Kisha kuku wote mfululizo kabla jua halijakaza. Mbuzi awe wa kumi na tano hivi, uwanja ukiwa umejaa. Magunia ya mahindi usiyanadi moja moja hata kidogo: chukua sampuli kwenye sinia, watu waione na kuitafuna, nadi bei ya gunia moja, kisha uliza nani anataka mangapi kwa bei hiyo. Magunia 12 yanaisha kwa dakika tano.

Ngazi za bei ziwe zinajulikana. Chini ya 10,000 panda kwa 500. Mpaka 50,000 panda kwa 2,000. Zaidi ya hapo 5,000. Bila ngazi, kuna mzee atakupandishia shilingi 100 kwa dakika nne, na uwanja mzima utakucheka wewe.

Taja kipimo kabla ya bei. "Debe" peke yake ni ugomvi. Sema debe la lita 20 lililosawazishwa kwa ubao, au lenye kichwa. Sado ya lita 4 inaingia mara tano kwenye debe lililosawazishwa. Mwenye shaka apimiwe palepale. Mkiwa na mizani ya kuning'iniza, tumieni kilo, mjadala unaisha.

Sasa la ulimi. Usimwite mtu kwa gari lake. Usiseme "wewe wa Dar umekuja na mkono mtupu?" Usimtazame mchungaji kila bei inaposimama, kwa sababu atanunua kwa aibu, na mwezi ule mke wake ndiye atakayeijua hesabu. Kuku wa mtoto wa Shule ya Jumapili asiuzwe chini ya bei ya soko hata kama ni kifaranga cha juzi. Panga mapema na wazee wawili wa kuanzisha bei yake. Mtoto anasikiliza pale.

---

BwanaShambaMstaafu amejibu:

Shalom. Kuku na mahindi niachieni.

Kuku wenu wanakufa kwa joto na kwa kufungwa vibaya. Kamba ya katani au waya inakata miguu na kuzuia damu. Tumieni ganda kavu la mgomba lililolainishwa kwa maji, au kitambaa. Asining'inizwe kichwa chini kwa saa tatu wakati wa ibada, uzito wa matumbo unakandamiza mapafu. Awekwe kwenye tenga lenye matundu, kivulini, upande usiopigwa na jua la saa 5, na kikopo cha maji kiingizwe. Akipanua mdomo na kutandaza mabawa, tayari ana joto, mtoeni kwenye msongamano.

Kubwa kuliko hilo ni kideri, ugonjwa wa kuku unaoambukiza haraka. Mnakusanya kuku wa jumuiya 14 kwenye tenga moja, kisha mnawasambaza kwenye nyumba 40. Ukitaka kusambaza kideri tarafa nzima, huwezi kupata njia bora. Tangazeni mapema kwamba kuku wa sadaka wachanjwe angalau wiki mbili kabla. Chanjo ya matone ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wiki sita mlizonazo zinatosha. Mpokeaji amkatae kuku anayesinzia, mwenye kinyesi cha kijani au shingo iliyopinda. Amkatae kwa upole, pembeni, na aandike bei yake kama ahadi ikiwa mtoaji anataka. Anayenunua wa kufuga amtenge siku 14 kabla ya kumchanganya na wake. Wa kuchinja, jioni ileile.

Mahindi. Kosa lenu la kwanza nadhani ni tarehe. Sikukuu ikiwekwa kwa kufuata kalenda bila kuangalia shamba, watu wanaleta mahindi mabichi, kwa sababu ndiyo waliyonayo. Yakae wiki tatu nne za kuanika baada ya kupukuchua ndipo sikukuu. Mkiwa hamna kipima unyevu, chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, jaza mahindi theluthi moja, weka vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikisa kwa nguvu dakika mbili, kisha iache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu uko juu ya asilimia 15 na hayo hayaingii stoo. Ikibaki chini bila kunata, ni makavu ya kutosha kununuliwa, ila ya kukaa miezi yashushwe hadi 13 au 13.5. Chumvi iwe imekaushwa juani kwanza, la sivyo itanata hata kwa mahindi makavu.

Kosa la pili ni kumimina mahindi ya watu wote kwenye rundo moja. Debe moja lenye unyevu linawasha ukungu kwa gunia zima, na ukungu ndio mama wa sumukuvu, ambayo huioni kwa macho wala haiishi kwa kupika. Tena kuna waliokwisha kuchanganya dawa ya unga ya kuua wadudu nyumbani. Hayo yana muda wake wa kusubiri kabla ya kuliwa, uliochapwa kwenye kibandiko. Wapokeaji waulize swali moja mlangoni, "yana dawa?", na yenye dawa yatengwe kwa alama. Msiyapeleke kwa wajane wala kwenye uji wa Shule ya Jumapili.

Kwa hifadhi, dumuzi anazuiwa na kukosa hewa. Kuna mifuko ya tabaka tatu, wengi wanaiita PICS: miwili ya plastiki ndani, mmoja wa kawaida nje. Puliza hewa kwenye mfuko wa ndani, ukisikia inavuja usiutumie. Jaza, acha kama sentimeta 30 juu, kamua hewa, sokota, kunja, funga kwa mpira. Fanya hivyo kwa wa pili, kisha wa nje. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta, na mfukuze panya kwanza, kwa sababu tundu moja la jino linaharibu kazi yote. Mfuko mmoja kwa kawaida hauzidi bei ya debe moja la mahindi. Msifungue kila wiki kuangalia; kila mkifungua mnawapa wadudu pumzi.

Kahawa haina kazi kwenye mnada. Mnunuzi wake ni chama cha msingi. Ikusanyeni, ipelekwe huko AMCOS (ndicho hicho chama cha msingi cha ushirika) kwa jina la usharika, na malipo yaingie benki.

---

Katekista_Njombe amejibu:

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi Wakatoliki tuna desturi zetu, ila mahindi ni yaleyale.

Naona mmeongelea wanunuzi, hamjagusa fungu la maskini. Walawi 23 aya ya 22, katikati kabisa ya sheria za sikukuu, imewekwa amri ya kutovuna pembe za shamba. Kiutendaji ni kwamba fungu hilo litengwe kabla ya mnada kuanza, si mabaki ambayo hayakupata mnunuzi. Mabaki ya mnada ni ndizi zilizochubuka na boga lililopasuka.

Kila jumuiya ipeleke majina kwa siri kwa katekista au mwinjilisti wiki mbili kabla, kaya kwa kaya, ikiwa na idadi ya midomo na kama kuna mgonjwa au mzee asiyeweza kusaga. Kwa anayeishi peke yake, unga ni bora kuliko mahindi. Mgawo upelekwe jioni na watu wawili, na wanawake wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, ndio wanaoijua njia ya nyuma ya kila nyumba. Kwenu naamini umoja wa wanawake utafanya kazi hiyohiyo. Usisome majina kanisani, wala usiwapange mstari mbele ya altare kupokea sado ya maharage huku wanapigwa picha za simu.

Na maandamano ya vipaji: si lazima vitu vyote viingie kanisani. Kila jumuiya ilete kikapu kimoja cha mfano, chenye kila aina kidogo, vingine vibaki nje kwa mtunza vitu. Jumuiya 14 zikiingia na kila kitu, maandamano yanachukua dakika 40, na mbuzi atakula maua ya altare. Hilo hutokea.

---

MsomajiVihiga amejibu:

Salamu kutoka magharibi mwa Kenya, upande wa ACK, Kanisa la Kianglikana la Kenya. Mengi mmeyasema. Nitaongeza kuhusu mgeni mheshimiwa.

Kwetu shida haikuwa bei kushuka, ilikuwa bei kupaa. Mwanasiasa anakuja, ananunua jogoo kwa shilingi 50,000 za Kenya, anapewa kipaza sauti, na baada ya hapo hakuna mama anayethubutu kunyanyua mkono kwa gorogoro mbili (makopo ya kupimia) za mahindi. Jackson Ole Sapit, akiwa Askofu Mkuu wetu, alipiga marufuku wanasiasa kuhutubu madhabahuni mwaka 2021, na kwenye mnada tunafuata roho hiyohiyo: anayetaka kutoa zaidi ya bei atoe kwa bahasha kama kila mtu, na kununua hakumpi mtu nafasi ya kuzungumza. Mwambieni mapema, kabla hajaketi. Mkingoja mpaka ainuke, mmechelewa.

Jambo jingine ni kamati yenyewe. Kuna mkungu mzuri ambao kila mwaka unakutwa umeegemezwa nyuma ya mlango wa chumba cha kasisi, eti "umeshanunuliwa". Wekeni sheria moja: hakuna kinachonunuliwa kabla ya mnada kufunguliwa, na mjumbe wa kamati ananunua akiwa amesimama na watu, siyo akiwa nyuma ya meza. Karani akitaka kununua, anaachia kalamu kwa mwingine kwa kitu hicho.

Pia sikubaliani na MpigaMnada juu ya bei ya chini ya kuku wa mtoto. Mkipanga wanunuzi mmetengeneza mchezo, na watoto wanajua mchezo. Afadhali kuku wa watoto wawe kwenye meza ya bei iliyoandikwa, bei ya soko la wiki hiyo.

---

MwinjilistiWaMtaa amejibu:

Nichukue lile la mwenye mji, kwa kuwa ndilo linalomfikia mwinjilisti saa 1 jioni.

Linatokea sehemu tatu. Mama analeta kuku au mbuzi ambao kwa desturi ya nyumba ni wa mume. Baba anatoa gunia ambalo mama alilihesabia ada ya Januari. Au kijana anamtoa ndama wa urithi ambao bado haujagawanywa. Kwa mkungu na mayai hakuna atakayekuja Jumatatu. Kwa hiyo usiwasumbue watu kwa vitu vidogo, weka mpaka. Kwa mbuzi, ng'ombe, kuanzia gunia moja, na kahawa, itumike kadi ya ahadi ya kaya. Itolewe wiki nne kabla kupitia jumuiya, iandikwe kitu na kiasi, na wote wawili wajue. Mzee wa jumuiya akiichukua nyumbani kwao, anauliza mbele ya wote, "mmekubaliana?" Jibu la kimya ni jibu, na hapo anasema "basi nitapita wiki ijayo", anaondoka bila kuandika.

Ikishatokea, utaratibu uwe huu. Kama kitu bado hakijauzwa, kirudishwe siku hiyohiyo, bila mahubiri. Kama kimeuzwa, mnunuzi hana kosa, asibughudhiwe kwanza. Mzee na mwinjilisti wakae na nyumba yenyewe. Mara nyingi wanaishia kwenye kitu kidogo badala ya kile kikubwa. Ikibidi kurejesha fedha, itoke kwa uamuzi wa baraza la wazee ulioandikwa, na mstari wa mauzo usifutwe: unaandikwa mstari mpya wa marejesho wenye namba ileile. Mume aliyerudishiwa mbuzi asitajwe kwenye matangazo. Na anayekwenda kuongea na nyumba hiyo asiwe yule aliyempokea mbuzi mlangoni.

Kwa majina ya watoaji, Mama Hazina aliahidi kusema. Mimi nashauri kitabu cha mapokezi kiwe na jina, ila kipaza sauti kitaje jumuiya tu. Ukitaja "mbuzi wa mzee fulani", ananunuliwa mzee, mbuzi anasahaulika.

---

Katibu_Mavuno:

Asanteni sana, nimeyachapa yote. Tarehe ya sikukuu tumeisogeza wiki mbili mbele kwa ajili ya mahindi, mchungaji amekubali. Kahawa AMCOS. Jogoo 14A nimemwonyesha karani, amekaa kimya kisha akacheka.

Limebaki moja. Baraza limegawanyika kuhusu mkopo. Wengi hapa wanangoja malipo ya kahawa au mshahara, wanasema "andika, nitaleta". Tukikataa, bei inashuka. Tukikubali, tunabaki na madeni mpaka Pasaka.

---

MamaHazina:

Jina la mtoaji Mwinjilisti amelimaliza, nakubaliana naye.

Mkopo mimi nasema hapana kwa kuku, ndizi, mayai na chochote cha meza. Kitu kitaliwa Jumatatu, deni litalipwa kwa nini? Mkikubali kwa magunia na mbuzi, magunia yabaki stoo mpaka fedha iingie. Hapo si deni tena, ni kuwekewa. Mpeni siku saba, zikipita gunia linauzwa kwenye meza Jumapili inayofuata.

---

MpigaMnada:

Mama, kwa mbuzi hiyo haifanyi kazi. Nani atamlisha siku saba? Mhudumu wa kanisa? Na akifa Jumatano ni wa nani? Mbuzi fedha taslimu au simu, palepale, na hilo litangazwe kabla ya kamba kufunguliwa. Kama bei itashuka 10,000, ishuke.

---

MamaHazina:

Kwa mbuzi umenishinda, nakubali. Kwa wale ambao tayari wana madeni ya mwaka jana: daftari la madeni liwe peke yake, lisichanganywe na la mwaka huu. Mzee wa jumuiya apewe karatasi ya watu wake tu, awapitie nyumbani. Lisisomwe kanisani. Lililopita miezi 12 lipelekwe baraza la wazee liamuliwe kusamehewa kwa maandishi, ili mtu aweze kuja mwaka huu bila kujificha nyuma ya mwembe.

---

BwanaShambaMstaafu:

Katibu, moja la mwisho nilisahau. Magunia msiyaegemeze ukuta wa nje wa kanisa usiku wa Jumamosi kwa sababu "asubuhi ni karibu". Umande wa Meru mnaujua. Ingizeni ndani, juu ya mabenchi ya nyuma.